Fundi Saa na Vilima Kumi na Vinne

Sogeeni, enyi wenye masikio, na asiye nayo aazime kwa jirani, kwani leo yanasimuliwa mapigano ya siku nne baina ya Fundi Saa, bingwa wa vibano na miwani, na vilima kumi na vinne ambavyo havikuwa vimemkosea mtu.

Chanzo cha vita kilikuwa ulimi wa shemeji yake, mwalimu wa hesabu, mwenye mapaja ya chuma na maneno ya pilipili. Safari ya baiskeli ya kupita miji mitatu ya kale ilipopangwa, alimwambia dada yake mbele ya ukoo mzima, "Mumeo nitamfikisha ndani ya gari la mizigo." Mke wa fundi alimtazama mumewe tu. Mtazamo ule ulimwingia kuliko tusi, akaapa kuvuka miji yote mitatu bila mguu wake kugusa ardhi kwenye mlima wowote.

Akaifunga breki ya baiskeli yake kwa mkono wake mwenyewe, maana aliyezoea kukaza skrubu ndogo kuliko chawa atamwachiaje kazi fundi baiskeli? Wakaondoka.

Loo! Siku ya kwanza vilima vilimpiga. Siku ya pili vilimpiga tena. Wenzake waliiona ngome ya mji wa kwanza, wakanywa chai, wakaoga, ndipo akaingia yeye, ngome imeshafungwa, akaonyeshwa kufuli. Hata kwenye miteremko, ambako wengine waliteleza wakiimba, yeye alikanyaga jasho likimtiririka.

"Mteremko huu ni mnafiki," alitangaza. "Unapanda kwa siri."

Siku ya nne, chini ya kilima cha mwisho, ambacho juu yake lilisimama lango la mawe la mji wa tatu, alitua anywe maji. Dereva wa gari la mizigo, mama aliyemfuata nyuma siku zote hizo kwa gia ya kwanza, akashuka, akainua gurudumu la baiskeli, akajaribu kulizungusha. Lilizunguka robo, likakwama.

"Baba, breki imelikaba hili tangu tulipoanza. Nani kaifunga?"

Shujaa akaitazama mikono yake. Fundi wa saa aliyeshindwa na breki, nani atamletea tena saa? Akiilegeza sasa atapanda kama mshale, na shemeji, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, atajumlisha na kuigundua siri ya breki.

"Ewe shahidi wa mateso yangu," akasema, "iache ilivyo. Nilianza nayo, nitamaliza nayo."

"Utakufa, baba."

"Basi endesha polepole."

"Kwani nimewahi kuendesha vingine?"

Akapanda. Mbuzi walimpita. Bibi mwenye kikapu alimpita, akampa pole. Alilia kidogo, tusifiche. Lakini mguu haukugusa ardhi mpaka ndani ya lango, ambako shemeji alimpokea kwa kicheko, akaishika baiskeli amsukumie hadi nyumba ya wageni. Gurudumu likagoma. Akalisukuma tena, akainama, akaliangalia. Kicheko kikamkauka.

"Shemeji. Umekuja hivi siku zote nne?"

"Niliifunga mwenyewe," akasema fundi, kwani uchovu ulikuwa umemmaliza hata uongo.

Mwalimu akakaa kwenye ngazi, akatoa simu. "Dada? Mumeo kafika. Hapana, kwa baiskeli. Sikiliza, dada, mimi nisingemaliza hata kilima cha kwanza." Akamkabidhi fundi simu, naye akaishika kwa mikono miwili.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe: tangu baiskeli iundwe, hakuna mwanadamu aliyekwenda polepole kiasi kile kwa nguvu nyingi kiasi kile.