Nilivyofunga Chakula cha Madam kwa Maombi

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya bosi, na hasira bado ninazo.

Mnajua nafanya kazi kwenye benki ya Wafaransa. Mnanionea wivu, najua. Ni kweli, likizo wanakulazimisha uende, na Jumapili hakuna anayekupigia simu. Lakini mateso yake hamyajui! Huruhusiwi kula hata andazi kwenye meza yako ya kazi. Kikao cha jambo dogo wanabishana hadi chai inapoa, halafu hawaamui kitu.

Leo Madam Odile, meneja wetu, kanialika chakula cha mchana kwake Moshono, na wageni wake wawili kutoka Paris. Muda wangu wa majaribio umeisha. Nilijua leo ataniambia kama nabaki kazini au narudi Olasiti kuuza vitenge na dada. Asubuhi sikunywa hata chai. (Mwaliko wa bosi unauendeaje umeshiba?)

Tukakaa mezani. Chakula kikaletwa.

Majani! Majani, vipande vya nyanya, na jibini linalonuka kama zizi la mbuzi. Basi. Nikachungulia jikoni, mlango umefungwa. Kwetu hata mgeni aliyepotea njia anachinjiwa kuku! Nikavuta kapu la mkate, nikala wote kwa hasira.

Wenzangu wakaweka uma chini, wakaanza kupiga soga. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo imetoka hiyo. Sasa mimi nimelelewa Kilutheri, mgeni haondoki bila kushukuru na kufunga kwa maombi. Nikasimama. Nikafumba macho, nikaomba kwa Kiswahili (nani angeelewa?):

"Ee Bwana, tunakushukuru kwa haya majani. Wewe uliyewashibisha maelfu kwa mikate mitano, utukumbuke na sisi wa Moshono. Umfundishe mwenye nyumba hii ukarimu, na unifikishe nyumbani kabla sijaanguka kwa njaa. Amina."

"Amina," akaitikia Madam. "Nai, keti tafadhali. Hayo majani ni ya kuanzia tu. Chakula bado."

Kiswahili kimenyooka! Kumbe ana mwalimu anayemfundisha nyumbani! Na siku zote ananisemesha Kiingereza, mimi najikakamua kumjibu. Huo ni uungwana?

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mguu mzima wa kondoo, na viazi, na harufu ya kitunguu saumu. Na mimi mkate umenijaa hadi kooni! Nimekula kipande kimoja. Kimoja, jamani! Wageni wa Paris wamerudia sahani mbele ya macho yangu.

Si wangesema mapema? Mtu atajuaje kwamba kuna watu wanakula kwa awamu?

Wakati wa kuaga, Madam akanisindikiza hadi getini. Akanishika mkono.

"Nai, umethibitishwa kazini. Unasema ukweli, hata kwa Mungu. Ila siku nyingine utuombee baada ya kahawa."

Basi, kazi nimepata. Na mtakaocheka, chekeni taratibu. Maombi yenu ya mikopo kuanzia kesho yanapita mezani kwangu, na mimi pia naweza kuwaanzishia na majani.