Karafuu Maiti Kifuani

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Rongo.
Leo nimepata akili! Ijumaa naenda Migori kumposa Hadiya. Baba yake, Mzee Abdishakur, alishasema mbele za watu kwamba hampi binti yake mwanamume ambaye kifua chake kinalia filimbi. Kifua changu, yaani. Mohammad, muuza simu wa Isebania, naye anamtaka, na yeye kifua ni kama mlango wa ghala. Sasa, jirani yangu Bochaberi, anayesomea kemia, ana unga wa ajabu. Chuma na kaboni vimeshikamana, vikaacha vitundu visivyoonekana. Dawa inawekwa humo, inaingia mwilini, inatoka kidogokidogo kwa siku nyingi. Amesema bado unajaribiwa maabara, si kwa watu. Mimi nimesikia "siku nyingi" tu.

Jumanne, 11 Novemba.
Bochaberi alikuwa akijiandaa kupeleka kichupa cha unga kwa mwenzake Homa Bay. Akaenda kuanua nguo. Nikachota vijiko viwili. Dawa ya kutia ndani? Karafuu maiti! Najua huoshewa wafu, lakini inafungua kifua, na ni rahisi. Faduma aliyeniuzia akauliza ni nani amefariki. Nikajibu hakuna. Akanipa pole hata hivyo. Nimeponda, nimechanganya, nimejipaka kifuani. Pumzi imeshuka hadi visiginoni.

Jumatano, 12 Novemba.
Sijakohoa hata mara moja! Ila harufu haitoki. Mama mmoja alikuja dukani kwangu kununua godoro, akashusha sauti, akaondoka kinyumenyume. Nzi hawanigusi. Paka amekaa mlangoni anatazama nyuma ya bega langu. Nyuma yangu hakuna kitu. Nimeangalia mara nne.

Alhamisi, 13 Novemba.
Nimeoga mara saba. Sabuni, limau, majivu. Nikipata joto, harufu inazidi. Bochaberi amegundua, amefoka: "Wewe Dahir, hiyo kitu haina swichi! Itatoka mpaka iishe." Anataka niende hospitali. Hospitali itaningoja, Ijumaa haingoji. Adhuhuri nilijilaza kidogo. Nimeamka mikono imepangwa kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto. Sikulala hivyo mimi. Nimeogopa, nakiri.

Ijumaa, 14 Novemba. Migori.
Msiba! Mzee Abdishakur ndiye mwosha maiti wa msikiti, mwaka wa thelathini sasa. Nilijua. Sikuunganisha mambo. Na macho yake yana mtoto wa jicho. Nilikuwa nimeketi mkekani nyumbani kwake, yeye akaingia, akavuta pumzi, akasimama. Akasema inna lillahi. Akapiga magoti, mikono yake ikaanza kazi yenyewe. Akanilaza. Akanifumba macho. Akaninyoosha vidole kimoja kimoja, kwa upole ambao sijawahi kutendewa na mtu. Ningesema kitu, lakini kifua kilikuwa kimeanza kuwasha, na nikifungua mdomo nitakohoa mbele ya mkwe. Nikabana pumzi. Akanisomea dua huku analia. Chumba kikawa mbali. Nikatulia, na jambo la kutisha ni kwamba sikutaka kuamka.

Kisha nikakohoa. Mzee akaangukia sinia la halua. Wanawake wakatoka mbio. Nami nikatoka mbio, sijui nikimkimbia nani.

Jumapili, 16 Novemba. Rongo.
Hadiya amepiga simu, analia. Kumbe baba yake alishanikubali wiki iliyopita! Ile filimbi ilikuwa utani wake, alitaka tu nikapimwe kifua. Sasa mzee hawezi tena. Anasema mikono yake imeshanilaza na dua ameshanisomea, na binti haozwi kwa mtu ambaye baba ameshamuaga. Nimelia mpaka godoro la maonyesho limelowa. Nampenda Hadiya, sina mwingine.

Kwa hiyo basi, ujanja umekwisha. Nimeamua kusema ukweli, angalau kipande. Kesho narudi Migori kumweleza mzee kwamba aliyefika Ijumaa alikuwa pacha wangu, marehemu. Nimeshampa jina. Nimelitamka mara moja hapa dukani ili nilizoee, na kuna mtu ameitika kutoka stoo, ambako hakuna mtu.

Vizuri. Hata shahidi nimepata.