Mama Kakwama Kwenye Kanda ya Amerika

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Daftari, hujambo? Mimi sijambo, baba watoto Apolinary hajambo, Annastella hajambo, Avit ana mafua kidogo, mbuzi wote wawili hawajambo. Baada ya salamu: kanda imefika! Mdogo wangu Joackim kaituma kutoka Amerika. Ndani yumo marehemu mama yetu, anamenya ndizi na kuimba. Mzungu mmoja alimrekodi mwaka tisini na nane. Jumamosi ni misa ya kumbukumbu yake hapa kwetu Muleba. Nimeshatangaza kwenye jumuiya: watu wote watamwona! Wifi Klaudia kaguna. Mwache agune.

Jumanne, 12 Novemba
Tumeazima deki ya parokia. Mawe, mama wee! Mama hana rangi. Anapanda, anashuka, kichwa chini, miguu juu. Apolinary kasema labda hataki kuonwa. Nikamwambia mama yangu hakuwa na maringo. Klaudia kachungulia dirishani, kauliza huyo ni mama au ni mvua. Nimefunga dirisha.

Jumatano, 13 Novemba
Akili imenijia! King'amuzi chetu ni cha antena, mambo ya ng'ambo kitayajulia wapi? Nimeuza mbuzi mmoja, nikanunua cha dishi. Sasa tuna mpira wa Brazili. Mama hayumo. Mbuzi naye hayumo.

Alhamisi, 14 Novemba
Bukoba mjini, kwa fundi Byabato. Kacheka mpaka kashika meza. Kasema mitambo ya Amerika na yetu haielewani: wao wanapitisha picha thelathini kwa sekunde, sisi ishirini na tano. Ana mashine ya kugeuza kanda iwe diski ya mitambo yetu. Nikamuuliza, waitu, ndugu yangu, hizo tano zinazozidi si mama pia? Anifungie kwenye mfuko niondoke nazo. Kasema hazifungiki. Na kama ni katika hizo tano alimotabasamu?

Jumamosi, 16 Novemba
Kaonekana! Kwenye diski, mzima, na rangi zake! Kaimba, kamenya, kisha kamgeukia Mzungu, kamwambia aache kusimama, ashike kisu. Na katabasamu! Watu walicheka huku wanalia. Klaudia kalia kuliko wote, kaomba irudiwe mara tatu.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimepata wazo kubwa! Kanda ya Joackim imezeeka, diski hii inang'aa. Namtumia Amerika! Byabato kanionya kuwa mitambo ya huko itaikataa, kama yetu ilivyoikataa kanda. Nikamwambia mama hakataliwi tena, ameshatengenezwa. Nimemwandikia Joackim: usijaribu kwanza, utaharibu utamu. Alika majirani wote, wakae, ndipo uwashe. Ukishamwona, nijulishe upesi.