Bibi Ametoa Ushahidi wa Damu Yangu

Wenzangu, leo nimeaibika, na walioshuhudia ni wodi nzima pamoja na baba mkwe. Nawaandikia nikiwa kitandani, hospitalini huku Msambweni, pamba zikining'inia kwenye masikio yangu yote mawili. Barua hii isomeni bwenini. Msiisome kwenye ukumbi wa chakula.

Mnajua nina ngiri. Mnajua pia kwamba harusi yangu ni baada ya Idi. Daktari wa upasuaji huja kutoka Mombasa mara moja moja tu. Kesho atakuwapo, kisha harudi mpaka ipite miezi. Nikimkosa, nitaingia kwa bibi arusi nikiwa nimeshika kinena. Kwa hivyo leo nilitakiwa kufanya mambo mawili tu: kupimwa na kunyamaza. (Kupimwa ningeweza.)

Asubuhi alikuja bwana wa maabara. Akanichoma sikio kwa sindano, akawa anaigusa damu kwa karatasi ya kufyonzea wino, anainua, anagusa tena, aone itakoma lini. Nikamuuliza, ngiri iko chini, mbona unalihoji sikio? Akasema damu ni moja mwili mzima, na mtu ambaye damu yake haigandi upesi hapelekwi kwenye kisu mpaka iwepo damu ya kumwongezea. Nikamuuliza nani amethibitisha. Akaniomba nitulie. Nikatikisa kichwa kuikataa hoja yake, tone likapakaa shingoni. Akahamia sikio la pili. Nami nikahamia hoja ya pili. Mwishowe akakusanya karatasi zake, akaenda kumwambia daktari wa wodi kwamba masikio yangu hayapimiki kwa sababu yameunganishwa na mdomo.

Daktari huyo ni kijana wa rika letu, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa wodi hii tangu Uhuru. Tangu jana nilikuwa nikimweleza kwamba sisi wasomi hatupokei jambo bila ushahidi. (Hakuniuliza. Nilimweleza tu.) Alinikuta na wageni wawili. Mmoja ni bibi yangu, Mwanatumu, aliyenilea Kombani. Wa pili ni Mzee Bakari wa Jego, baba yake mchumba wangu, mtu wa maneno machache na kofia iliyonyooka, aliyekuja kunijulia hali. Tulikuwa tumekwisha kuamkiana, shikamoo, marahaba, na sasa tumekaa kimya kwa adabu, kama inavyowapasa mtu na mkwewe.

Daktari akasema sikio lingetusaidia, lakini yeye huamini zaidi habari za nyuma: mtu alipokatwa zamani, damu ilikoma upesi au ilisumbua? Akapendekeza tukazungumze pembeni. Nikakataa. Nikasema, tena kwa sauti, kwamba sayansi haina siri. (Mzee Bakari aliitikia kwa kichwa. Nikajiona mtu.)

"Haya," akasema daktari. "Ulipotahiriwa, ulitoka damu nyingi?"

Mzee Bakari akageukia dirishani.

Nikajibu kwamba hata kidogo, nilitulia kama mwanamume. Daktari akataka kujua nilikuwa na umri gani. Nikasema nilikuwa mtoto mdogo. Basi, akasema, kwa kanuni yangu mwenyewe huo si ushahidi. Alimtaka mtu mzima aliyekuwapo. Asipopatikana, kesho sipasuliwi, mpaka iletwe damu ya akiba kutoka Mombasa.

Bibi alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua macho.

"Shahidi ni mimi."

Nikamkumbusha kwamba wanawake hawaingii jandoni. Akasema ni kweli, yeye hakuingia, ila mimi nilitoka. Nilitoka mbio, akamweleza daktari, bila nguo, nikaingia jikoni kwake na kujificha nyuma ya mtungi. Waliponifuata nikaanza kuwauliza maswali. Kisu kimeoshwa na nani. Nani amesema ni lazima. Kwa nini iwe leo. Wanaume wakanibeba mimi na maswali yangu.

"Mume wangu huyu," akasema Bibi, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "usomi aliuanza siku hiyo."

Daktari akauliza tena, kwa upole, kama damu ilichukua muda kukoma.

"Ya nani?" akauliza Bibi.

"Ya mgonjwa, bibi."

"Ah, huyu hakutoka kitu. Matone mawili, na kelele za kijiji kizima. Aliyetoka damu ni ngariba. Huyu alimng'ata hapa." Akaonyesha penye shina la kidole gumba. "Nilimfunga mwenyewe kwa kipande cha leso yangu, na haikukoma hadi alasiri."

Kutoka kitanda cha mwisho mtu akasema, basi aletwe ngariba apimwe.

Wodi nzima ikaangua kicheko. Muuguzi alishika ukuta. Mimi nilimtazama Mzee Bakari, maana wengine wacheke watakavyo, lakini yeye ndiye mwenye binti. Alikuwa bado amelikabili dirisha. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha kofia ikaanguka.

Daktari akajifuta macho, akasema ushahidi umemtosha. Ila sikio litachomwa tena alfajiri, nikiwa nimefumba mdomo, na bado alitaka awepo ndugu mmoja wa kunipa damu ikitokea haja. Bibi akasema angetoa, lakini yake imebaki ya kutembelea tu. Ndugu zangu wote wako mbali. Nikaiona harusi inaondoka bila mimi.

Mzee Bakari akaokota kofia, akaikung'uta, akaivaa. Akaanza kukunja mkono wa kanzu yake.

"Damu nitatoa mimi," akamwambia daktari. "Lakini huyu mfungeni mdomo kwanza."

Jioni damu zetu zimepimwa, zinapatana. Kesho napasuliwa, inshallah. Nawaombeni msicheke. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka, ngiri inauma.