Siri Zangu Kwenye Ratiba ya Mahafali

Leo nimeaibika mbele ya shule nzima. Nina hasira, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi mnivumilie.

Wengi mnajua nafundisha hisabati hapa Kibondo, na mke wangu ni nesi kule Kasulu. Mtoto wetu ana miezi minne. Ananijua kwa simu tu (akiniona ana kwa ana analia). Barua yangu ya kuomba uhamisho imekaa mezani kwa Mkuu wa shule tangu mvua zilipokatika. Nilikuwa naitegemea siku ya leo, siku ya mahafali ya kidato cha nne. Mkuu akifurahi, anasaini.

Ratiba ya mahafali huwa natengeneza mimi, kwa LaTeX. Kwa msioijua: hapo hubofyibofyi vitu, unaandika amri, nayo inakupangia ukurasa. Mimi na rafiki yangu Nestori, mwalimu mwenzangu aliyeko Kasulu, tulijitungia amri zetu fupi, makro, za kuyapa maneno sifa: haya yawe mekundu, haya yawe manene, haya yasionekane kabisa. Hiyo ya mwisho tuliiita \sifasiri. Maneno ukiyaweka humo unayaona wewe kwenye faili lako, kwenye karatasi hayatoki. Huko ndiko ninakoandika mambo yangu ya moyoni.

Sasa Nestori, bila kutumwa na mtu, akaamka akasema anabadilisha majina ya makro zote! Eti majina yetu yanagongana na ya watu wengine. Watu gani? Nani mwingine hapa Kibondo ana makro? Tukazozana, nikanuna, nikaacha kusoma jumbe zake.

Asubuhi mtandao ukakamata, na folda yetu ya pamoja ikajisasisha yenyewe. Mimi sina habari. Nikaagiza ratiba ipangwe, kompyuta ikalalamika: amri hii siifahamu. Nikabonyeza Enter, yaani iiruke iendelee. Ikalalamika tena. Enter. Enter. Enter! (Na mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu.) Nikatazama jalada, limetoka vizuri. Nikapeleka kwenye mashine, nakala mia mbili.

Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Adventina. Huyu mama ukimpa karatasi anasoma yote, hata nukta angekuwa na namna angezisoma.

"Wimbo kutoka kwaya ya shule," akasoma. "Beti mbili tu, hawa wakiachiwa hawanyamazi."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Nikampungia mikono aache. Akadhani namwambia sauti haifiki! Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Hotuba ya Mkuu wa shule. Msifie suti kabla hajapanda jukwaani. Ni ile ile ya mwaka jana, jikaze tu. Barua ya uhamisho bado iko kwake."

Nikasikia ratiba zinafunuliwa uwanja mzima, kila mzazi anataka kujisomea mwenyewe. Mgeni rasmi akaziba mdomo kwa ya kwake.

Mkuu akasimama taratibu. Akavuta koti likae sawa.

"Mwalimu Gervasi, nasubiri."

"Unasubiri nini, Mkuu?"

"Ratiba inasema nisifiwe kabla sijapanda. Tufuate ratiba."

Nikaisifia suti. Mbele ya wazazi, wanafunzi na mgeni rasmi! Nikasema imemkaa. Nikasema rangi ya kahawia inampa heshima. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeandikisha maelezo polisi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Ego, ndiyo hivyo, mwalimu! Na kitenge changu je?" Hapo ndipo uwanja ulipolipuka kwa kicheko.

Mkuu hakucheka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha.

"Hii nilisaini jana," akasema. "Nilitaka nikukabidhi hapa, wazazi wakupigie makofi ya kukuaga."

Akaitazama. Akanitazama mimi. Akairudisha mfukoni, akapanda kuhutubia.

Nikatoka nje nikampigia Nestori. Nilimfokea hadi mate yakaruka. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi zaidi): "Soma ujumbe wangu wa Jumanne, kaka."

Nikausoma. "Majina ya makro yamebadilika. Usipoyarekebisha kwenye faili zako, zile siri zako zote zitachapwa." Chini yake kuna dole gumba. La kwangu! (Niliweka bila kusoma, ili asiendelee kunisumbua.)

Kwa hiyo nina hasira na Nestori, nina hasira na kompyuta, nina hasira na Adventina, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumlaumu. Hiyo ndiyo inayoniuma. Mke wangu ameshapiga mara tatu, anataka kujua kama Mkuu amesaini. Amesaini, ndiyo.

Msicheke, tafadhali. Barua imebaki kwenye mfuko wa ile suti, na ile suti huvaliwa siku ya mahafali tu.