Laki Moja Kasoro Mmoja

Jumatatu, 23 Juni
Wakazi 99,996! Nimehesabu mara tatu. Kwetu Ujerumani mji ukifika laki moja ni jiji kubwa. Usipofika, wanajiografia wanautupa kapu moja na miji ya kawaida. Wendelau yetu inakosa wanne tu! Meya kasema nikiwapata kabla Juni haijaisha, mimi, Detlef Zander, mtakwimu wa mji, nitakuwa mkuu wa idara. Nikishindwa, nahamishiwa dawati la malalamiko ya mapipa ya taka. Mapipa! Na shahada yangu ya jiografia!

Kriegel, mtakwimu wa mji jirani wa Oberwend, kapiga simu kunikumbusha kwamba Wendelau ni kijiji kilichonenepa. Wao wenyewe ni elfu themanini. Mshenzi.

Jumatano, 25 Juni
Mama mkwe kakubali kuhamia kwetu na kujiandikisha. Nilimwambia ni kwa ajili ya sayansi. Mke wangu Gudrun sikumwuliza. Kanuna, kisha kampa mama yake chumba changu cha kusomea. Si kitu. 99,997!

Alhamisi, 26 Juni
Wanafunzi wa chuo wanalala hapa lakini wameandikishwa kwa wazazi wao. Nikawachomea soseji. Walikuja thelathini, wakala zote, wakajiandikisha wawili. 99,999!

Ijumaa, 27 Juni
Mzee Hoppe, jirani yetu, kalazwa. Nimempelekea maua na kumsihi ajitahidi mpaka Jumanne. Halafu dukani nikamwuliza mama mmoja mjamzito kama hawezi kuharakisha kidogo. Kanipiga na mkate. Mkate wa jana, mgumu.

Jumatatu, 30 Juni
Siku ya mwisho. Mzee Hoppe yu hai, mama wa mkate bado. Saa tisa alasiri Bi Petzold wa dawati la uandikishaji kaniita.

“Bwana Zander, wa laki moja nimempata. Anaishi hapa miaka sita, ila kajiandikisha Oberwend kwa dada yake.”

Nikafoka. Msaliti gani huyo, anakula kwetu na kuhesabiwa kwao? Bi Petzold kageuza kompyuta nione jina.

Ni mimi.

Nilishasahau kabisa! Ni ile bustani. Oberwend wanawapa wakazi wao viwanja vya bustani. Kwetu foleni ni miaka tisa, nani angesubiri? Bi Petzold kanisogezea fomu. Kujaza ni dakika kumi. Lakini nikihama tu, wananinyang'anya bustani, na stroberi zimeiva wiki hii hii! Nikamwomba nikafikirie kidogo. Nikaenda kufikiria bustanini. Niliporudi na ndoo yangu, ofisi ilikuwa imefungwa.

Jumanne, 1 Julai
Dawati la mapipa. Malalamiko kumi na saba kabla ya chai. Kriegel kaleta kadi ya kunishukuru kwa kuwa mkazi mwaminifu wa Oberwend. Inauma sana. Mama mkwe kasema chumba kimempendeza na haondoki.

Lakini! Nimetazama ramani. Bustani zile ziko katikati kabisa ya miji miwili. Watu wakihamia kwenye vibanda vya bustani, nyumba za Wendelau na Oberwend zitagusana, na wanajiografia hawatakuwa na budi kutuita eneo moja la mijini. Laki moja na elfu themanini! Laki moja nani ataikumbuka tena?

Kamati ya bustani inakataza kulala vibandani. Upuuzi. Anatakiwa tu mtu wa kuanza. Nimeshapeleka godoro, na mama mkwe nimemwambia ni kwa ajili ya sayansi.