Gome la Nekesa Limenirudisha Kutoka Malaba

Leo laini nzima ya mpaka wa Malaba imenikimbia. Madereva wa malori, wamama wa nyanya, hata mtu wa kubadilisha pesa ambaye huwa hakimbii kitu. Nimebaki peke yangu katikati ya lami, mikono juu kama mwizi, na dada wa afya amesimama mbali ananiambia, "Mama, usisogee. Usiguse mtu. Usijiguse hata wewe mwenyewe."

Wana kikundi, nitawaeleza vile ilikuwa, na nitataja majina. Mwenye atakasirika akasirike.

Binti yangu Amoit ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo. Amezaa mtoto wake wa kwanza, mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu mama mzazi haendi kuona mtoto kienyejienyeji. Unapewa siku. Unaenda na kuku na unga wa wimbi, wakwe wanakuwekea kiti, wanakuvisha gomesi mpya, lile gauni la heshima, na wewe ndiye mgeni wa kwanza kupakata mtoto. Siku yangu ilikuwa leo.

Sasa Nekesa. Nekesa ni jirani yangu hapa Amagoro, anauza dawa ya ngozi ya gome la mgunga. Anachemsha gome mpaka maji yanakuwa mekundu kama chai kali, anachuja, anatia kwa chupa. Wiki iliyopita alinishika kidevu akaniangalia kama mbuzi wa sokoni.

"Mama Amoit, utaenda kwa wakwe na huu uso?"

"Uso una nini?"

"Umelegea. Gome linakaza ngozi. Linafunga vishimo, linakausha chunusi, mafuta yanaacha kung'aa. Wakwe watauliza nani mama na nani binti."

Nilinunua. (Ndiyo, na umri huu.) Na niseme ukweli, gome lilifanya kazi. Vipele vya shingoni vilikauka. Mashavu yakashikana. Kwa hivyo leo asubuhi nikajipaka uso mzima, shingo, na mikono mpaka kwa viwiko, safu juu ya safu. Nikakauka vizuri. Nilijiona kwa kioo nikacheka peke yangu.

Tukapanda boda na Nekesa. Yeye alisema anavuka pia, ana wateja wa gome huko ng'ambo. Mkoba wake ulikuwa umejaa chupa. Njiani akanipigia kelele kwa sikio, "Wakikuuliza kwa mpaka, usitaje gome. Watanipekua." Nikasema sawa. Sikuona ubaya.

Malaba mnaijua. Malori yamepangana, vumbi yote ikanikalia usoni. Nikaona siwezi kupakata mtoto hivi. Nikamwachia Nekesa kuku na unga, nikaenda kwa Wafula mwenye choo cha kulipia. Nje ameweka drum ya maji, ile ya zamani ya dizeli, imeoza kutu mpaka bomba linatoa maji ya rangi ya machungwa. Nikanawa mikono. Nikarusha maji kidogo usoni nisiharibu gome, nikarudi kwa laini.

Dakika si nyingi, turnboy mmoja, utingo wa lori, akanikodolea macho.

"Mama, uso wako unafanya nini?"

"Unafanya nini vipi?"

"Unatoka madoa."

Nikaangalia mikono. Viganja vyangu vilikuwa vyeusi. Si weusi wangu huu wa kuzaliwa, ule mwingine, wa samawati, kama nyama imeoza. Nikatoa simu nijione. Kila mahali tone la maji lilianguka palikuwa na doa jeusi, mviringo, kwa paji, kwa mashavu, kwa pua. Na yalikuwa yanaongezeka nikiyaangalia.

Mtu akasema, "Ni ule ugonjwa wanaotangaza redioni." Hakutaja jina. Haikuhitajika.

Hapo ndipo wakanikimbia.

Wenzangu, wengine wenu mnacheka. Lakini mnajua mimi ni nani. Mimi ndiye niliyelazwa kwa hema wakati wa korona. Mama wa kitanda cha kando tuliongea naye jioni juu ya mahindi yake, asubuhi akatolewa amefunikwa uso. Mimi nilitoka kwa miguu yangu na niliapa sitaingia hema tena. Leo, kando ya lami, hema lingine la afya lilikuwa linaningoja. Nilikuwa nahisi homa ambayo sina.

Dada wa afya akaja na barakoa na kile kibunduki cha kupima joto.

"Uko na nani?"

Nikanyoosha kidole. "Na huyu. Jirani yangu."

Nekesa akageuka nyuma kutafuta ni nani anaitwa.

"Mimi?" akasema. "Huyu mama simjui. Tumepatana tu hapa kwa laini."

"Na huyo kuku?" nikamuuliza.

"Kuku ni wangu."

Akavuka. Kuku wangu naye akavuka, ananiangalia kwa pembe ya kikapu. Mimi nikapelekwa hemani.

Ndani ya hema nilikaa kwa stuli sikuegemea kitu. Dada akapangusa shavu langu na pamba ya spiriti. Doa likabaki palepale. Akaigeuza pamba, ilikuwa nyeupe vilevile.

"Mama, umejipaka nini leo?"

Nikakumbuka maneno ya Nekesa. "Sijapaka kitu," nikasema. (Nalinda mtu amenikana na kuku wangu mkononi. Hata sijui niliumbwa na udongo gani.)

"Basi tutachukua kipimo, na gari la wagonjwa likupeleke Busia. Utangoja majibu huko."

Kusikia gari la wagonjwa, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Gome! Ni gome la mti, daktari. Chupa yangu iko hapa kwa mkoba wangu. Nimenawa kwa Wafula. Usinifungie, nakuomba, mjukuu wangu ananingoja."

Akaichukua chupa, akanusa. Akatuma mtu alete kikombe cha maji ya Wafula. Akadondosha gome ndani. Maji yakawa meusi tititi hapo hapo, kama mtu amemwaga wino. Dada akaangalia kikombe, akaniangalia mimi, akaangalia kikombe tena. Halafu akatoa barakoa acheke vizuri.

"Mama, hakuna ugonjwa hapa. Gome likipatana na kutu linakuwa hivi. Hata mimi natumia gome nyumbani, lakini na maji ya mvua. Ngozi yako ni laini sana, ni vile tu umepakwa rangi."

"Itatoka lini?"

"Itatoka yenyewe. Siku kadhaa."

Nikauliza kama naweza kuvuka sasa. Akachungulia nje. Watu wa laini walikuwa wameungana, wanasema huyu mama akipita, wao hawapiti. Dada akaniambia pole, rudi nyumbani, uje ukitakata. Hata boda wa kunirudisha alinifunika na karatasi ya nailoni.

Saa hii niko kitandani na uso kama chui. Amoit ametuma picha. "Mama, pole kwa tumbo. Nekesa ametuambia ulizidiwa njiani ukamwomba akuwakilishe. Wakwe wamemfurahia sana."

Kwa picha Nekesa amekaa kwa kiti changu. Amevishwa gomesi yangu mpya. Kwa meza naona mguu wa kuku, na mapajani amepakata mjukuu wangu, anatabasamu na mashavu yamekaza vizuri.

Wafula, wewe badilisha hiyo drum, tutaongea siku ingine. Lakini Nekesa, uko hapa kwa kikundi, naona umesoma. Usiniletee emoji. Jibu mbele ya watu: kama mimi hunijui, huyo mtoto umempakata ni mjukuu wa nani?